Mwalimu, kabla ya kumlaumu mtoto, chunguza kwanza kazi yako

MWISHO wa muhula mmoja, enzi za mfumo wa 8-4-4, niliketi katika chumba cha walimu nikiwa na rundo la ripoti mbele yangu. Nilikuwa nikifunza darasa la sita katika shule moja ya msingi hapa mjini, na wanafunzi walikuwa wengi kuliko madawati.

Nilipoifikia ripoti ya mvulana mmoja aliyeketi nyuma kabisa, karibu na dirisha, sikufikiri sana. Niliandika: "Mzembe. Hanakili kazi ubaoni. Aongeze bidii." Nikatia sahihi, nikachukua ripoti nyingine.

Muhula uliofuata mama yake alikuja shuleni. Hakuja kugombana. Alinisalimu kwa adabu, akaifungua ile ripoti, akasema, "Mwalimu, mtoto huyu haoni mbali. Tumempeleka kupimwa macho. Naomba tu umsongeze mbele tukitafuta pesa za miwani."

Msomaji, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mtoto yule alikuwa ameketi mbele yangu siku zote, akikunja uso kila nilipoandika ubaoni, nami nikadhani ananuna. Wahenga walisema nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Nilikuwa nimeliona kosa la mtoto, la kwangu nisilione.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: je, kuna njia ambayo mtu anaweza kuichunguza kazi yake mwenyewe kabla ya kuwalaumu anaowahudumia? Ipo. Wataalamu huiita utafiti tendaji, na ukiwa mwalimu, mzazi au mwanafunzi wa chuo, ni vyema uifahamu.

Utafiti wa aina gani huu?

Ukisikia neno utafiti, huenda fikira zako zikakimbilia chuo kikuu: maprofesa, hojaji za kurasa 20 na vitabu vizito vinavyoshika vumbi maktabani. Mtafiti wa aina hiyo hutoka nje, akawachunguza watu, kisha akaenda zake kuandika. Mara nyingi waliochunguzwa hawajui hata aliandika nini.

Katika utafiti tendaji, mtafiti ni yule yule anayeifanya kazi. Ni mwalimu anayechunguza ufundishaji wake, muuguzi anayechunguza jinsi wagonjwa wanavyohudumiwa katika zamu yake, au afisa wa kilimo anayetaka kujua kwa nini wakulima hawafuati mashauri yake. Nia yake ni kuirekebisha kazi hiyo papo hapo, huku ikiendelea.

Hatua zake ni nne, nazo huzunguka kama gurudumu. Kwanza, unapanga badiliko moja. Pili, unalitenda. Tatu, unatazama na kuandika yanayotokea. Nne, unatafakari: je, limefaa au halikufaa, na kwa nini? Kutokana na jibu lako unapanga tena, na gurudumu linaendelea kuzunguka.

"Lakini hayo tunayafanya kila siku!" mwalimu mmoja atasema. Ni kweli kwamba mwalimu yeyote mwenye moyo wa kazi hujaribu mambo mapya. Tofauti iko katika kuhesabu na kuandika. Anayejaribu bila kuandika hutegemea kumbukumbu, na kumbukumbu hutupendelea. Mimi, laiti ningeulizwa muhula ule, ningeapa kwamba nawatazama wanafunzi wangu wote kwa usawa.

Hata azimio la kazi la mtaala wa sasa lina safu ya mwalimu kuandika maoni yake baada ya somo. Walimu wangapi huandika "Somo limefaulu" na kwenda zao? Limefaulu kwa nani?

Moyo na figo za ng'ombe

Aliyeieneza fikira hii ni Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyezaliwa mwaka wa 1890 huko Mogilno, mji ambao siku hizi uko nchini Poland. Alifanya kazi Ujerumani hadi mwaka wa 1933, Hitler alipotwaa mamlaka, ndipo akahamia Marekani.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, nyama nyingi ya Marekani ilikuwa ikipelekewa wanajeshi. Wakuu wa nchi wakataka akina mama wapike moyo, figo na viungo vingine vya ndani vya ng'ombe. Kwetu sisi, tunaokula matumbo kwa ugali tukajilamba vidole, jambo hili laweza kuchekesha. Lakini familia nyingi za Kimarekani wakati huo hazikutaka hata kuviona vyakula hivyo mezani.

Lewin na wenzake walichukua makundi sita ya akina mama. Makundi matatu yalipewa mhadhara mzuri kuhusu lishe na mahitaji ya vita, na hata maelezo ya mapishi wakagawiwa. Makundi mengine matatu yaliketi kuzungumza. Ni kwa nini watu wa nyumbani hawavitaki vyakula hivi? Harufu yake tutaiondoaje? Mwisho wa mazungumzo, akina mama hao waliulizwa ni nani aliye tayari kujaribu wiki hiyo, wakainua mikono.

Walipofuatiliwa baadaye, ilibainika kwamba kati ya waliohutubiwa, ni asilimia 3 tu waliokuwa wamepika nyama ya aina hiyo ambayo hawakuwa wameipika kabla. Katika makundi ya mazungumzo, walikuwa asilimia 32.

Mhadhara ulikuwa mzuri, walakini mhadhara peke yake haukuingia jikoni. Wale waliolichambua tatizo wao wenyewe na kuamua wao wenyewe ndio waliobadilika. Mwaka wa 1946 Lewin alichapisha makala yaliyoeleza utafiti unaokwenda sambamba na vitendo, hatua kwa hatua. Alifariki mwaka uliofuata, lakini fikira yake haikufa.

Yafika madarasani

Nchini Uingereza, msomi Lawrence Stenhouse aliipeleka fikira kama hiyo mbele zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1975 kuhusu mitaala, alishikilia kwamba mtaala hauwezi kuimarika iwapo mwalimu atachukuliwa kuwa tarishi wa kupeleka maagizo ya wakubwa darasani. Mwalimu, alisema, hana budi kuwa mtafiti wa darasa lake.

Huku kwetu Afrika Mashariki pia jambo hili lina historia. Katika miaka ya 1970, Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitetea utafiti unaowashirikisha wanavijiji wenyewe. Kuanzia mwaka wa 1975, mradi ulioitwa Jipemoyo uliwaleta pamoja watafiti wa Tanzania, watafiti wa Finland na wenyeji wa wilaya ya Bagamoyo. Jina lenyewe linajieleza.

Hapa Kenya nako, walimu wengi wanaukumbuka mradi wa SMASSE. Ulianzishwa mwaka wa 1998 na serikali kwa ushirikiano na shirika la JICA la Japani, ili kuinua ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari. Ulianza katika wilaya 9 kisha ukaenezwa kote nchini.

Mradi huo haukuitwa utafiti tendaji, lakini gurudumu ni lile lile. Walimu walifundishwa kanuni ya maneno manne: panga, tenda, tazama, boresha. Mwalimu aliandaa somo, akalifunza wenzake wakitazama, kisha wakaketi pamoja kuona pa kurekebisha. Siku hizi mafunzo kwa walimu wa masomo hayo huendeshwa na kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi.

Tuchukue mfano

Tuseme wewe ni mwalimu wa gredi ya tano, una wanafunzi 54, na kila ukiuliza swali ni mikono ile ile inayopanda. Unalalamika: "Wanafunzi wangu hawashiriki."

Malalamiko hayo si swali la utafiti, na tena yamekwisha kumtia mtoto hatiani. Yageuze yakuelekee wewe: "Ninapouliza maswali, ni nani hujibu, na wengine ninawapa nafasi gani?" Hilo ni swali unaloweza kulichunguza na jibu lake likakusaidia.

Jambo la kwanza ni kujua hali ilivyo kabla ya kubadilisha chochote. Chora ramani ya madawati kwenye karatasi. Mwombe mwalimu mwenzako asiye na kipindi aketi nyuma ya darasa, na kila mtoto anapojibu, atie nukta mahali pa mtoto huyo. Fanyeni hivyo kwa masomo manne.

Tuseme katika masomo hayo uliuliza maswali 80. Unapohesabu nukta, unaona majibu 59 yametoka kwa watoto 9 pekee. Watoto wengine 19 wamejibu maswali 21 yaliyosalia. Watoto 26 hawana hata nukta moja. Unaitazama ramani tena na kuona kwamba nukta zimejaa mbele na katikati, pale macho yako yanapotua ukisimama kando ya ubao.

Hapo utashtuka. Usikimbilie kusema hao 26 ni wazito. Badala yake, chagua badiliko moja ulilo na uwezo nalo.

Ngoja kidogo

Badiliko moja ambalo halihitaji hata senti ni kungoja. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda nyingi za masomo ya sayansi katika shule za msingi. Matokeo aliyoyachapisha katika miaka ya 1970 yaliwashangaza wengi. Baada ya kuuliza swali, walimu kwa kawaida walingoja muda wa sekunde moja hivi, kisha wakalirudia, wakamtaja mtoto mwingine, au wakajijibu wenyewe.

Walimu hao walipojizoeza kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na waliokosa kujibu wakapungua. Hata watoto waliodhaniwa kuwa wazito walianza kuchangia.

Basi wewe nawe panga hivi: kwa wiki tatu, kila nikiuliza swali, nitahesabu moja, mbili, tatu moyoni kabla ya kumtaja yeyote. Usiongeze jambo la pili kwa wakati huo. Ukibadilisha mambo matano kwa mpigo, hutajua lililoleta nafuu ni lipi.

Kila jioni andika mistari mitano katika daftari. Leo nilingoja kweli au nilisahau? Ni nani aliyezungumza kwa mara ya kwanza? Ni nini kilichoharibika? Andika hata yale yanayokuaibisha, kwa maana daftari hilo ni lako.

Waulize watoto pia. Wape vipande vya karatasi wasivyoandika majina, wajibu swali moja: "Ni jambo gani hukufanya usijibu maswali darasani?" Jiandae kusoma majibu kama haya: "Wenzangu hunicheka nikikosea." "Kelele za matatu hunizuia kusikia." "Mwalimu huwa ameshamtaja mwingine." "Sioni ubaoni."

Hilo la mwisho, msomaji, lingetosha kuniokoa mimi na yule mvulana wa dirishani. Karatasi moja tu.

Baada ya wiki tatu mwite mwenzako tena, mhesabu nukta. Tuseme wasiosema neno wamepungua kutoka 26 hadi 15. Ni hatua njema, lakini 15 wangali kimya. Sasa ndipo unapolizungusha gurudumu mara ya pili. Huenda ukajaribu watoto wazungumze wawili wawili kabla ya yeyote kujibu mbele ya wote, ili anayeogopa kuchekwa alijaribu jibu lake kwa jirani kwanza.

Na kama idadi haikupungua hata kidogo? Hukupoteza wakati. Umejua kwamba kizuizi hakikuwa muda wa kufikiri, utafute kwingine. Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.

Mambo ya kujihadhari

Kwanza, tafuta rafiki mkosoaji, yaani mwenzako atakayekuambia ukweli. Mtu akijichunguza peke yake huona anachotaka kuona. Mwenzako anayekusifu kwa kila jambo hakufai kwa kazi hii, na anayekuchongea kwa mwalimu mkuu hakufai zaidi.

Pili, linda heshima ya watoto. Ramani ya nukta si ya kubandikwa ukutani ili wasiojibu waaibike. Mweleze mwalimu mkuu unachokusudia kufanya, waeleze wanafunzi kwa lugha wanayoielewa, na ukitaka kuandika matokeo kwa ajili ya wengine, omba ruhusa na usitaje jina la mtoto yeyote. Wanafunzi wa vyuo vya ualimu wanaofanya miradi ya aina hii wakumbuke hilo zaidi, maana wao huondoka na ripoti ilhali watoto hubaki.

Tatu, usidai zaidi ya ulichokiona. Lililofaa katika darasa lako la watoto 54 huenda lisifae katika shule ya jirani. Utafiti mkubwa unaohusisha maelfu ya wanafunzi una kazi yake, na huu mdogo hauwezi kuchukua nafasi yake. Swali lako wewe ni moja tu: nitafanya nini Jumatatu ili watoto hawa wapate kunielewa zaidi?

Nne, usijitwike mzigo usioubeba. Najua kuna walimu wenye vipindi vingi na daftari za kusahihisha hadi usiku. Ndiyo sababu swali liwe dogo, darasa liwe moja, na kuandika kusizidi dakika 10. Bandu bandu huisha gogo.

Tena ni lazima tuseme wazi kwamba si kila tatizo la darasani limo mikononi mwa mwalimu. Watoto 54 katika chumba cha watoto 40 ni jambo la serikali na wasimamizi wa shule. Hata hivyo, mwalimu aliye na hesabu zake ana la kusema mkutanoni. Anayesimama na kusema, "Watoto 11 wameniandikia kwamba hawasikii kwa sababu ya kelele za barabarani," husikizwa kuliko anayenung'unika tu.

Nyumbani je?

Mzazi, usidhani haya hayakuhusu. Ni jioni ngapi umempigia mtoto kelele kwa sababu hajamaliza kazi ya ziada? Umemwita mvivu, ukazima televisheni, na kesho yake mambo yakawa yale yale.

Jaribu kwa wiki moja kuandika badala ya kufoka. Ameanza saa ngapi? Ameketi wapi? Amekwamia wapi? Ni nani aliyemtuma dukani katikati ya hesabu? Huenda ukagundua, kama wazazi wengi watakavyogundua, kwamba aliyemtuma ni wewe.

Kisha keti naye mlijadili, na umwachie achague badiliko moja la kujaribu. Wale akina mama wa Marekani walipika moyo na figo baada ya kuamua wenyewe. Mtoto naye hushika zaidi ratiba aliyoshiriki kuipanga.

Mwanafunzi wa sekondari au chuo, nawe unaweza kujichunguza. Andika kwa siku saba ni dakika ngapi hasa unazosoma na ni ngapi zinazokwenda kwa simu. Usijihukumu kwanza. Hesabu, badilisha jambo moja, hesabu tena.

Ripoti isiyofutika

Yule mvulana nilimsongeza mbele siku ile ile mama yake alipokuja. Alianza kunakili kazi kama wenzake, na baadaye akapata miwani. Nilimwomba mama yake radhi, akanisamehe kwa urahisi ulioniumiza zaidi.

Lakini ripoti ile ya muhula sikuweza kuifuta. Yamkini ingali mahali fulani nyumbani kwao, ndani ya bahasha pamoja na cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki, ikisema kwamba mtoto yule ni mzembe, na chini yake pana sahihi yangu.

Leo ni Jumapili. Kabla hujalala, tafuta daftari moja lisilo na kazi, uandike juu yake swali moja dogo kuhusu kazi yako. Kesho, kabla ya kubadilisha lolote, anza kuhesabu.